Nyumba ya udongo Mtaa wa Narung'ombe

Swali: Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu mzaa baba alifariki akatuachia nyumba Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Ni ya miti na udongo, imepigwa lipu, bati limeota kutu. Ina vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna jiko, choo na vyumba viwili vya wapangaji. Baba wadogo wanataka tuibomoe tujenge ghorofa na mfanyabiashara. Mimi nasema ni nyumba ya kihistoria. Wananicheka, wanasema historia ni Boma la Kale, si vibanda vya udongo. Nani yuko sahihi? Pia naomba kujua kwa nini kuta za ndani hazifiki juu, na kwa nini kati ya chumba cha bibi na chumba cha pili kuna mlango uliozibwa. Nitajuaje umri wake?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na baba zako, maana mbele ya sheria wao ndio wenye nguvu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyokuja baadaye hulindwa pale tu waziri anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Sasa tazama: Dar es Salaam yenyewe ni mji ulioanza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na Boma la Kale wanalokupigia mfano lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Hata Boma limeukosa mwaka huo kwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo ukiingia kwenye kikao cha ukoo ukasema nyumba ya bibi inalindwa na sheria, watakushinda kabla chai haijapoa.

Ila hukuuliza habari ya sheria. Umeuliza kama nyumba ina historia, na wao wamejibu kwa kutazama kuta: udongo, basi kibanda. Mimi nami naanzia kwenye udongo huohuo, kwa sababu ndio ulioamua karibu kila kitu juu ya nyumba hii: ilipojengwa, nani aliweza kuimiliki, na hata kwa nini hadi leo ni mali ya ukoo wenu na si ya serikali.

Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanuni zao za ujenzi ziliugawa mji katika maeneo matatu kwa kigezo cha jengo. Eneo la kwanza lilikuwa la nyumba za mtindo wa Kizungu tu, la pili la majengo imara ya mawe au matofali, na la tatu liliruhusu nyumba ya aina yoyote, za miti, udongo na makuti zikiwemo. Karatasi ilizungumzia kuta na mapaa. Kazi ya kuwatenga watu ilifanywa na bei ya vifaa. Kuelekea mwisho wa utawala wao walinunua shamba kubwa magharibi ya mji na kuanza kupima viwanja vya Waafrika kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana mitaa ya Kariakoo inakatana kwa pembe za mraba hadi leo. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawakuta kazi haijaisha. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka pale kambi ya kikosi cha wapagazi wao, na mahali pakabaki na jina la kikosi: Carrier Corps, Kariakoo. Baada ya vita wakaendeleza mpango uleule. Mnazi Mmoja ikaachwa uwanja mtupu kati ya mji wa Waafrika na mji wa wengine, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya afya na hewa safi.

Jina la mtaa wenu nalo limetoka kwenye vita hivyo. Narung'ombe, kusini huko nyuma ya Kilwa, palipiganwa vikali Julai 1917. Mahiwa, ambao nao ni mtaa wa Kariakoo, palipiganwa Oktoba ya mwaka huohuo upande wa Lindi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni ile, wengi kwa maradhi na njaa. Leo watu wanapaki pikipiki chini ya vibao vya mitaa hiyo wakishusha marobota ya vitenge, na sidhani kama mmoja kati ya mia anajua.

Waafrika waliopata viwanja Kariakoo hawakuuziwa ardhi. Walikaa kwa haki ya muda mfupi, wakilipa kodi ya kiwanja, na kilichokuwa chao hasa ni jengo lililosimama juu yake. Mtu ambaye serikali inaweza kumwambia ahame, atazika mawe na saruji ardhini ya nini? Akajenga kwa vifaa ambavyo hata akifukuzwa hasara yake itavumilika. Watu husema udongo ni umaskini, na umaskini ulikuwepo, sikatai, lakini hata mwenye fedha zake alikuwa na sababu ya kutozimwaga kwenye msingi.

Vifaa vyenyewe vilikuwa karibu. Boriti za mikoko zilikuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na huko ndiko zilikotoka pia zilizokwenda hadi Uarabuni. Makuti yalitoka kwenye minazi iliyouzunguka mji, na udongo mara nyingi ulichimbwa palepale kiwanjani. Nguzo zilisimamishwa, fito zikafungwa mlalo ndani na nje kwa kamba za makumbi, katikati pakajazwa mawe madogo, kisha ukuta ukakandikwa, ukasiribwa, na mwenye uwezo akamalizia kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Ukienda Boma la Kale inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko zilezile. Vyumba vya Boma ni vyembamba kwa sababu mkoko ulionyooka hauvuki sana zaidi ya mita tatu. Sultani na bibi yako waliezeka kwa miti ya msitu mmoja. Hilo waambie baba zako.

Sasa ramani ya nyumba. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na mbele kuna baraza. Ni ramani ya pwani iliyosafiri na misafara. Ukifika Tabora utaikuta, Ujiji utaikuta, na ukivuka mpaka hadi Buyenzi, Bujumbura, utajisikia uko Ilala. Kwa hali ya hewa yetu ni akili tupu: milango miwili ikiwa wazi, upepo wa bahari unapita nyumba nzima, na jua halipigi ukuta wa ukumbi hata mara moja kwa siku. Kwa maisha ya watu ilikuwa na mpangilio wake. Baraza ni la wanaume na wapita njia, mgeni asiyejulikana anaishia hapo. Uani ni kwa wanawake: mafiga, ndoo, nguo kwenye kamba, watoto, na habari zote za mtaa.

Mjini ramani hii ilipata kazi nyingine ambayo kijijini haikuwa nayo. Kwa kuwa kila chumba kina mlango wake ukumbini, kila kimoja kinaweza kupangishwa peke yake bila kumpitisha mtu chumbani kwa mwenzake. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na kila treni iliyorudi ilileta vijana wa bara wanaotafuta kazi. Walihitaji chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, karibu na bandari na stesheni. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Hivyo nyumba ya familia ikageuka kitega uchumi bila kubadilisha ukuta hata mmoja.

Na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke. Hili naomba ulifuatilie kwenu. Kazi za mshahara zilikuwa za wanaume, na mwanamke aliyepata fedha kwa kupika, kuuza pombe au biashara ndogondogo hakuwa na mahali pengi pa kuziweka zikazaa. Aliziweka kwenye vyumba. Wanawake wa Kimanyema walijulikana sana mjini kwa kumiliki nyumba, na hawakuwa peke yao. Uliza: bibi aliirithi, aliachiwa na mume, au aliinunua mwenyewe? Usikubali jibu la haraka la "babu aliijenga". Mara nyingi babu hutajwa kwa heshima tu, na stakabadhi zina jina la bibi.

Mlango uliozibwa unaweza kukusaidia hapo. Katika nyumba hizi haikuwa ajabu mwenye nyumba kushika vyumba viwili vilivyoungana, cha mbele cha kupokelea watu na cha ndani cha kulala, vikiwa na mlango kati yao. Mambo yakibana, au watoto wakishaoa na kuolewa, mlango unazibwa na chumba kimoja kinapata mpangaji. Nadhani ndicho kilichotokea kwenu. Gonga pale palipozibwa. Kama pamejazwa miti na udongo kama ukuta wenyewe, kazi hiyo ni ya zamani. Kama ni tofali la saruji, yaelekea ni ya baadaye, kwa kuwa kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966 na kabla ya hapo saruji ilitoka nje. Si ushahidi wa mahakamani, lakini unakupa pa kuanzia.

Kuta za ndani kutofika juu ni mbinu ya makuti. Nyumba haikuwa na dari. Hewa ya moto ilipanda, ikasambaa juu ya kuta zote na kutoka kwenye upenyo chini ya upau wa paa. Kuta fupi pia ziliokoa miti na udongo. Bati lilipokuja, upenyo huo ulibaki na faida yake, tena zaidi, maana bati la Dar saa nane mchana halina huruma. Gharama yake ilikuwa sauti. Kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika cha sita, achilia mbali ugomvi wa mume na mke. Watu walijifunza kutosikia. Mpangaji wa Kinyamwezi, wa Kizaramo na wa Kingoni waliishi chini ya paa moja wakijua kila kitu na wakisalimiana asubuhi kama hawajui kitu. Wanaoshangaa Kiswahili kilivyowaunganisha wageni wa mji huu wangelala siku chache kwenye nyumba ya namna hiyo.

Makuli waliogoma bandarini mwaka 1947, mgomo ulioenea hadi nje ya Dar es Salaam, walikuwa watu wa vyumba hivi, na kodi ya chumba ilikuwa miongoni mwa yaliyowanyonga. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa Kariakoo hapohapo, mtaa uitwao leo Lumumba. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alianza kuwaandikisha wanawake, na alipitia kwenye vikundi vya ngoma alivyovifahamu, kwa wanawake wenye nyumba na wapangaji wao. Mkutano wa uani hauhitaji kibali cha polisi. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka huohuo wa 1955, na nyumba yake ya Magomeni leo ni makumbusho. Nenda ukaitazame, halafu urudi utazame ya bibi. Siwezi kukuambia kwamba uani kwenu kulifanyika mkutano wowote. Uliza wazee.

Halafu ikaja Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo. Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye, mwaka 1990, yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Angalia mitaa ya mjini utaona magorofa yenye mwaka na jina la mwenyewe wa kwanza yamechongwa juu kabisa, na wanaoishi humo hawana undugu na jina hilo. Nyumba ya udongo haikukaribia thamani hiyo. Ikapita chini ya wavu. Udongo uleule uliowafanya wakubwa waidharau ndio ulioiacha mikononi mwa bibi, naye akaendelea kupokea kodi za vyumba vyake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 hatari ilikuwa nyingine, kubomolewa: Shirika la Nyumba liliondoa nyumba nyingi za udongo katika vitongoji vya mji na kujenga za matofali, nyingi zikiwa na ramani ileile ya ukumbi katikati. Ya kwenu ilinusurika huko pia. Biashara ilipofunguliwa, kiwanja kikawa ghali kuliko nyumba mara nyingi sana, na leo Kariakoo zimebaki chache mno.

Umri. Anza na paa, si ukuta, kwa sababu ukuta umeshasiribwa mara nyingi kiasi kwamba unadanganya. Makuti yanataka mteremko mkali ili maji yasitulie. Bati linaridhika na mteremko mdogo. Kama paa lenu la bati ni la migongo minne na limesimama kuliko mapaa ya kawaida ya bati, huenda liliezekwa makuti kwanza. Ingia juu ya kuta na tochi utazame: ukikuta vipande vya madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kunyooshwa, hiyo ni hatua iliyokuwa kati ya makuti na bati kwa wengi. Tazama kama miti ya paa imefungwa kwa kamba au imepigiliwa misumari. Kisha shuka barabarani. Nyingi za nyumba hizi zilijengwa zikiwa zimeinuka, mtu akipanda kibarazani. Barabara imemwagiwa vifusi na lami miaka nenda rudi, na sasa unashuka kuingia ndani. Chimba kidogo pembeni ya baraza uone ngazi za zamani zimezama kiasi gani.

Karatasi ni bora kuliko yote hayo. Wazee walitunza stakabadhi za kodi ya kiwanja chini ya godoro, kwenye sanduku la bati, ndani ya msahafu. Stakabadhi moja yenye namba ya kiwanja na kitalu inakufungulia faili ardhi, na Nyaraka za Taifa pale Upanga kuna majalada ya serikali ya Kiingereza kuhusu Kariakoo. Ukiwa unapekua, angalia pia kama nyumba iliwahi kuwekwa wakfu. Kama ipo hati ya wakfu, mazungumzo ya ghorofa yanasimama hapo hadi msimamizi wa mirathi na wakili waseme.

Nije kwenye lililo gumu. Sidhani kama utaizuia isibomolewe, na sitakutuma ukagombane na baba zako kwa ajili ya maoni yangu. Mnaweza kuitunza miaka mingi bado mkitaka. Adui wake mkubwa kwa sasa ni ile lipu ya saruji: inafungia unyevu ndani ya udongo, miti inaoza chini, mchwa wanamalizia, na nje ukuta unaonekana mzima hadi siku unapoinama. Ukuta wa udongo unataka lipu ya chokaa na paa lenye kivuli kipana. Lakini familia yenye warithi wengi ina hesabu nyingine, na kodi ya vyumba sita haishindani na ghorofa. Kama mtajenga, mkataba na mfanyabiashara usomwe na wakili wenu, si wake, na msingi usichimbwe bila mhandisi aliyesajiliwa. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu, na hakuna haja ya kusema zaidi.

Kabla ya hapo nyumba ipimwe. Hutahitaji msanifu, futi kamba, daftari na mtu wa kushika ncha ya pili vinatosha. Pima kila chumba kwa ndani, unene wa kila ukuta, urefu wa kuta za ndani hadi zinapoishia, na upana wa ukumbi. Weka alama kila mlango ulipo, uliozibwa na ulio wazi. Andika nani alilala wapi na mwaka gani, kadiri watu wanavyokumbuka, na watafute wapangaji waliohama. Watoto wao wanaijua nyumba hii kwa upande ambao nyinyi wajukuu hamkuuona, na mara nyingi ndio wenye picha za harusi zilizopigwa ukumbini. Fremu ya mlango wa mbele, kama ni mninga au mvule, ing'olewe nzima kwanza kabla mafundi hawajagusa bati, maana siku ya kubomoa mbao nzuri hazifiki jioni. Picha za vyumba zipige milango yote ikiwa wazi, mtu mmoja asimame ndani kuonyesha kimo. Paa huwezi kulipiga ukiwa barabarani: omba kupanda ghorofa la jirani, zungumza vizuri na mlinzi, na upige migongo yote minne pamoja na uani mzima, jiko, choo na kamba za nguo zikiwemo.